Gesi Imesukuma Nini? Majibu ya maswali yenu kuhusu joto, kazi na kutanuka

Barua za mwezi huu zimekuja na jambo moja lenye sura nyingi. Mama wa Tabata anauliza mtungi wa gesi, fundi wa Shinyanga anauliza pampu, mwanafunzi wa Iringa anauliza mtihani, na wote wanataka kujua kitu kilekile: gesi ikibanwa au ikitanuka, joto linatoka wapi na linakwenda wapi? Barua nyingine nimeziweka kando zisubiri mwezi ujao. Wanaonifahamu tangu nilipokuwa nafunga majokofu ya samaki kule Tanga wanajua kwamba hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha mahali.

*Shikamoo mwalimu. Nilikuwa na shughuli nyumbani, nikapika pilau kwenye jiko kubwa la gesi kwa mtungi wa kilo 6. Haukupita muda mrefu mtungi ukaanza kutoa jasho, kisha kitako kikashika barafu nyeupe, na moto ukafifia. Jirani mmoja akasema gesi inavuja. Mwingine akasema niuweke mtungi kwenye beseni la maji ya moto. Nishike la nani? — Mama wa Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Mtungi wako haukuwa unavuja. Ulikuwa unachemka.

Ukiutikisa mtungi uliojaa utasikia majimaji yakicheza ndani. Hayo ndiyo gesi yenyewe, propani na butani zilizobanwa mpaka zikawa kimiminika. Propani ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani huchemka karibu na sifuri. Kwa joto la Dar es Salaam zote mbili zingekuwa zimechemka zikaisha zamani. Kinachozizuia ni presha iliyofungiwa mle ndani. Ukifungua jiko, presha inashuka kidogo, kimiminika kinachemka, mvuke unapanda juu na kuelekea kwenye reguleta.

Kuchemka kunataka joto. Sufuria ya chai hulipata kwenye moto, lakini mtungi hauna moto chini yake. Basi kimiminika kinatumia joto lake chenyewe, kikishapoa kinalivuta la chuma cha mtungi, na chuma nacho kinalivuta kwenye hewa ya jikoni. Kila kilo ya gesi inayogeuka mvuke inakula takriban kilojouli 360. Ukichemsha chai kwenye jiko dogo, hewa ya jikoni inarudisha joto hilo polepole na wewe huoni kitu. Ukiwasha jiko la pilau la shughuli, gesi inachemka upesi kuliko hewa inavyoweza kurudisha. Chuma kinapoa, unyevunyevu wa hewa yetu ya pwani unatua juu yake: kwanza jasho, halafu barafu.

Siku nyingine tazama jasho linapoishia. Utaona mstari umezunguka mtungi. Chini ya mstari kuna kimiminika, juu yake ni mvuke mtupu, kwa hiyo umepata kipimo cha gesi iliyobaki bila kulipa hata shilingi. Mstari huohuo unajibu na wale wanaoniandikia kwamba ubaridi wa mtungi unaletwa na gesi kutanuka inapopita kwenye reguleta. Ingekuwa hivyo, reguleta ndiyo ingeganda na kitako kingebaki na uvuguvugu. Barafu imeshika kitakoni, palipo na kimiminika kinachochemka.

Moto ulififia kwa sababu kimiminika kilichopoa hutoa mvuke wa presha ndogo. Gesi ilikuwemo bado. Ungeuacha mtungi upumzike nusu saa, moto ungerudi.

Kuhusu beseni la maji ya moto, nakuomba sana usifanye, wala usiusogeze mtungi karibu na mkaa. Presha ya mle ndani hupanda haraka mno kwa joto, na mtungi ukipasuka jikoni hakuna atakayesimulia. Pilau la watu wengi lipikie mtungi wa kilo 15, kwa kuwa chuma chake kinagusa hewa kwa eneo kubwa zaidi na kimiminika chake ni kingi, hivyo hakipoi upesi. Usiulaze mtungi, maana kimiminika kitakimbilia kwenye reguleta na moto utaruka. Na siku ukiwa na shaka ya kuvuja, paka povu la sabuni kwenye vali na kwenye maungio ya mpira. Povu likitumba, funga mtungi, fungua madirisha, na usiguse swichi ya taa.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi baiskeli. Nikijaza upepo pampu inakuwa ya moto kwa chini mpaka siwezi kuishika. Vijana wangu wanasema ni ile washa ya ngozi inasuguana na bomba. Je, ni kweli? Na mbona upepo ukitolewa kwenye valvu unatoka wa baridi? — Fundi baiskeli, Shinyanga*

Fundi mwenzangu, jaribu hivi mbele ya vijana wako. Toa mpira wa pampu kwenye valvu, uuache wazi, kisha pampu kwa kasi ileile unayoitumia siku zote. Ngozi inasuguana na bomba vilevile, lakini utakuta bomba limepata uvuguvugu tu. Iache ipoe, rudisha mpira kwenye tairi gumu, pampu tena. Sasa shika kitako, halafu shika katikati. Ngozi inasugua bomba zima, lakini moto umekaa kitakoni, pale hewa inapobanwa. Msuguano upo, ila fungu lake ni dogo.

Joto hilo limetoka kwenye misuli yako. Unaposukuma mpini unafanya kazi juu ya hewa. Chembe za hewa zinaigonga ngozi inayozijia mbele, zinarudi nyuma kwa mwendo mkubwa kuliko zilivyokuja, na ukali wa joto la hewa ni mwendo huo wa chembe zake. Hakuna moto uliowashwa popote, wala hakuna kitu cha moto kilichoigusa hewa. Imesukumwa, ikapata joto.

Na joto lenyewe si la mchezo. Hewa ya nyuzi 27 ikibanwa ghafla hadi nusu ya ujazo wake bila joto kutoroka, hesabu inaifikisha kwenye nyuzi 120 na zaidi kidogo. Ikibanwa hadi sehemu moja ya 18, karatasini inafika nyuzi 680 hivi. Nimeitaja 18 kwa makusudi, maana ndivyo injini nyingi za dizeli zinavyoibana hewa. Ndani ya silinda halisi huwa pungufu ya hapo, kwa kuwa kuta zinakula joto, lakini dizeli inahitaji nyuzi mia mbili na kitu tu ili iwake yenyewe. Nozeli ikinyunyiza, moto unashika bila plagi wala cheche. Rudolf Diesel aliliendesha wazo hilo mpaka likawa injini inayofanya kazi vizuri kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Lori linalopita mbele ya kibanda chako linakokotwa na jambo lilelile linalokuunguza kiganja.

Swali lako la pili ni hilohilo likigeuzwa. Upepo ukitoka kwenye valvu, hewa iliyobanwa inaisukuma hewa ya nje na kujirusha yenyewe kwa kasi. Hiyo ni kazi, na hakuna aliyeiletea joto la kuifanyia. Inalipa kutoka mfukoni mwake: inatumia joto lake yenyewe, inatoka baridi. Ushike msemo huu, fundi, maana nitaurudia kwa mwanafunzi wa Iringa.

*Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano. Darasani tumefundishwa kwamba gesi ikitanuka bila kupewa joto inapoa. Lakini katika swali la mtihani gesi ilifunguliwa kwenda kwenye chombo kisicho na kitu ndani, na jibu lililotakiwa ni kwamba halijoto haibadiliki. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli? Nimewauliza wenzangu, wananiambia nikariri. — Mwanafunzi wa Iringa*

Marahaba, mwanangu, na usikariri. Umeligusa lile swali ambalo likikaa sawa kichwani, somo zima linanyooka. Kila unapoona gesi imetanuka, kabla ya kuandika fomula yoyote, uliza: imesukuma nini?

Kwenye silinda yenye pistoni, gesi imeisukuma pistoni. Kwenye valvu ya baiskeli imeisukuma hewa ya nje. Hapo imefanya kazi, na kama hakuna joto lililoingia, imelipa kwa joto lake, kwa hiyo imepoa. Kwenye chombo kitupu hakuna cha kusukuma. Hakuna pistoni, hakuna hewa inayokinga mbele. Chembe zinatawanyika kwenye nafasi kubwa zaidi zikiwa na mwendo uleule ziliokuwa nao. Kazi ni sifuri, joto lililoingia ni sifuri, nishati ya ndani, yaani ile ya mwendo wa chembe zake, iko palepale.

Aliyelipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa ni James Prescott Joule, mtoto wa familia ya watengeneza bia wa Salford, jirani na Manchester. Mwaka 1845 alichukua vyombo viwili vya shaba, kimoja akakijaza hewa kwa presha ya zaidi ya mara 20 ya hewa ya kawaida, kingine akakifyonza kikawa kitupu. Akaviunganisha kwa bomba lenye koki, akavizamisha kwenye maji pamoja na kipimajoto, akafungua koki. Hewa ikakimbilia upande wa pili, na kipimajoto hakikuonyesha badiliko lolote. Baadaye yeye na William Thomson, ambaye dunia inamjua kama Kelvin, waligundua kwamba gesi halisi hupoa kidogo hata isiposukuma kitu, kwa sababu chembe zake huvutana na kuachana kwake kuna gharama. Kwenye mtihani wako gesi ni ile kamilifu isiyo na mvuto huo, kwa hiyo jibu linabaki: haibadiliki.

Sasa geuza upande wa pili, mpe gesi joto. Chukua kilo moja ya hewa, ifungie kwenye chuma kisichotanuka. Kuipandisha nyuzi moja kunataka jouli 718. Kilo hiyohiyo iweke kwenye silinda yenye pistoni inayoteleza kwa uhuru, uipandishe nyuzi hiyohiyo moja huku ikitanuka, na utalazimika kuipa jouli 1,005. Hewa ni ileile na nyuzi ni ileile. Jouli 287 za ziada zimekwenda kuisukuma pistoni pamoja na hewa iliyo nyuma yake. Ukiielewa tofauti hii ya 718 na 1,005, umeielewa nzima kanuni ya kwanza ya thamodinamiki, somo la joto na kazi: joto uliloingiza ni sawa na ongezeko la nishati ya ndani, ukijumlisha kazi ambayo gesi imeifanya.

Mtu aliyeitumia tofauti hiyo kukokotoa kazi inalingana na joto kiasi gani alikuwa daktari, Julius Robert Mayer wa Ujerumani. Mwaka 1840 alikuwa daktari wa meli ya Kiholanzi iliyokwenda Java. Siku zile kutoa damu ilikuwa tiba ya kawaida, na Mayer akaona kwamba damu ya mishipa ya vena ya mabaharia ni nyekundu kuliko alivyozoea kuiona kwao kwenye baridi. Akafikiri: katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuchoma chakula kingi ili ujipashe, kwa hiyo oksijeni nyingi inabaki kwenye damu. Kutoka hapo akafika kwenye wazo kwamba joto la mwili na kazi ya mikono vinatoka kwenye chakula kilekile, na kwamba kimoja hugeuka kingine kwa kiwango kisichobadilika. Aliliandika mwaka 1842 na kwa miaka mingi hakuna aliyemsikiliza. Nakupa habari hii kwa sababu wenzako wanaokwambia ukariri wanadhani sayansi ilishushwa ikiwa fomula. Ilianza kwa mtu aliyeona rangi ya damu bandarini na hakukubali kuipuuza.

*Mwalimu, marehemu baba yangu alikuwa fayamani, mchochea moto, kwenye zile injini kubwa za mvuke kati ya Mombasa na Nairobi. Alikuwa akisema dereva mzuri anajulikana kwa jinsi anavyoinyima pistoni mvuke. Sikumwelewa mpaka amefariki. Mvuke ukipungua, nguvu haipungui? — Mzee wa Voi*

Shikamoo mzee wangu, na Mungu amrehemu baba. Alikuwa fundi kweli.

Injini anazozungumzia bila shaka ni zile Garratt za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester kati ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi na jina la mlima. Ukifika Nairobi nenda jumba la makumbusho la reli, utaikuta namba 5918, Mount Gelai. Simama karibu na silinda zake uone ukubwa wa kazi iliyokuwa ikifanyika pale.

Treni inapoondoka stesheni, dereva anauachia mvuke uingie kwenye silinda karibu safari nzima ya pistoni. Nguvu inakuwa kubwa, lakini pistoni ikifika mwisho, mvuke unatupwa nje kwa bomba la moshi ukiwa bado na presha na joto tele. Ule mngurumo mzito wa kuondokea ni presha hiyo inayopotea hewani. Treni ikishashika mwendo, dereva anavuta mtaimbo wa kurekebisha vali na kuufunga mlango mapema, tuseme pistoni ikiwa imekwenda robo tu ya njia. Robo tatu zilizobaki pistoni inasukumwa na mvuke uleule uliokwisha kuingia, unaotanuka wenyewe. Unasukuma, unapoa, unashuka presha, na unapotolewa nje umekwisha kutoa kazi nyingi zaidi kwa kila kilo ya maji iliyochemshwa. Nguvu ya kila msukumo inapungua kweli, mzee, lakini mafuta na maji yanayookolewa ni mengi. Kwa reli inayopita Taru na Tsavo, maji yalikuwa mali.

Pamoja na ustadi wote huo, injini za mvuke za reli kwa kawaida ziligeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya joto la moto kuwa kazi. Sababu moja kubwa ilielezwa na Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824: joto hufanya kazi linaposhuka kutoka penye moto kwenda penye ubaridi, na urefu wa mshuko huo ndio unaoweka kikomo. Mvuke ukiingia na nyuzi 200 na kutoka na nyuzi 100, hata injini isiyo na kasoro yoyote haiwezi kupita asilimia 21. Carnot alikufa kwa kipindupindu mwaka 1832 akiwa na miaka 36, karibu hakuna aliyekuwa amekisoma alichoandika.

*Mwalimu, hapa Moshi tunaota jua, juu Kibo kuna barafu. Kule juu si ni karibu zaidi na jua? — Mpagazi wa mlimani*

Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Kilomita 6 za mlima hazibadilishi kitu.

Hewa haipashwi sana na jua moja kwa moja. Jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyolala juu yake. Hewa hiyo ikipanda inakuta presha ndogo, inatanuka, na safari hii kuna cha kusukuma: hewa yote inayoizunguka. Inalipa kwa joto lake, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita ikiwa kavu. Ikifika kwenye ukanda wa mawingu, mvuke uliomo unageuka matone na kuirudishia joto, kwa hiyo kutoka hapo inapoa polepole zaidi. Kwa wastani hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kilomita. Kutoka Moshi hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, kuna kama kilomita 5 za kupanda. Toa nyuzi 32 kwenye joto la mchana la mjini kwenu uone unabaki na nini. Na mvua inayoinywesha migomba ya Kibosho na Marangu imetoka kwenye kupoa huko.

*Naomba kuuliza, nikiuacha wazi mlango wa friji usiku, chumba si kitapoa kama cha mwenye kiyoyozi? — Mpangaji wa Temeke*

Kitapata joto zaidi, na bili ya umeme itakuumiza.

Ndani ya friji yako kuna kile nilichomweleza mama wa Tabata, ila kwa mzunguko. Friji nyingi za siku hizi zina isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, inayochemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Kompresa inaibana, inakuwa ya moto, inapita kwenye kondensa nyuma ya friji na kutupa joto mpaka inageuka kimiminika. Kisha inapenyezwa kwenye kapilari, bomba jembamba kama waya, presha inaanguka, kimiminika kinachemka na kulivuta joto la vyakula vyako. Joto linalotoka nyuma ni lile lililotolewa ndani pamoja na umeme wote uliotumiwa na kompresa. Ukifungua mlango, mbele panapoa, nyuma panapashwa zaidi, na chumba kinabaki na ziada. Kiyoyozi kinafanikiwa kwa sababu mgongo wake uko nje ya nyumba.

Ukitaka kuisaidia friji, ivute kutoka ukutani kiasi cha kiganja ili kondensa ipate hewa, na ufute vumbi nyuma yake. Majokofu mengi niliyoitiwa Tanga kwamba "gesi imeisha" yalikuwa na gesi kamili. Yalikuwa yamezibwa na vumbi na mafuta ya samaki, joto halina pa kutokea.

*Mwalimu, kuna mtu hapa Nakuru ametengeneza genereta isiyotumia mafuta. Mota inazungusha genereta, genereta inaipa mota umeme, na unaobaki unawasha nyumba. Anatafuta watu wa kuweka pesa. Nimeona kwa macho yangu taa zikiwaka. Niweke akiba yangu? — Kijana wa Nakuru*

Usiweke hata shilingi moja, kijana wangu, na ninakuandikia haya kwa uchungu, kwa kuwa barua kama yako huja kila wakati, na nyingine huja pesa zikiwa zimekwisha kwenda.

Tuseme mota yake ni nzuri na inageuza asilimia 85 ya umeme kuwa mzunguko, na genereta nayo inarudisha asilimia 85 ya mzunguko kuwa umeme. Katika kila yuniti 100 zinazoingia zinarudi 72. Zile 28 zimekuwa joto kwenye waya na beringi, liguse uone. Mzunguko wa pili unaanza na 72 na kubaki na 52. Kitu hicho kinasimama chenyewe ndani ya muda mfupi hata kabla hujawasha taa moja. Ukiboresha vipuri utachelewesha kusimama, lakini hutapata ziada, kwa sababu ziada ingebidi itoke mahali, na mahali hapo hapapo. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza kwamba haitapokea tena mashine za namna hii kuzichunguza, na tangu hapo hakuna aliyeileta moja ikafanya kazi.

Taa ulizoziona ziliwashwa na kitu. Mwombe afungue kasha lote, atoe kila betri, aiweke mashine juu ya meza katikati ya chumba bila waya unaoingia popote, aitwishe pasi ya wati 1,000, na muiache usiku kucha mkiwa mmekaa mnaitazama. Akikupa sababu ya kukataa, umepata jibu lako. Ukitaka kuwekeza kwenye umeme usio na mafuta, paneli za jua zinauzwa mjini kwenu, nazo hupokea nishati kutoka mahali panapojulikana.

*Napima upepo mchana nikiwa njiani, nakuta tairi limezidi, napunguza. Kesho yake liko chini. Gari linavuja? — Dereva wa daladala, Mwanza*

Halivuji. Tairi likipata joto barabarani, hewa ya ndani haina nafasi ya kutanuka, kwa hiyo haisukumi kitu, na joto lote linapandisha presha. Tairi lililopimwa PSI 30 asubuhi kwenye nyuzi 25 litasoma 34 au 35 likifika nyuzi 55. Ukilipunguza hapohapo hadi 30, kesho likipoa utalikuta na 26 hivi, na tairi pungufu linajikunja zaidi, linapata moto zaidi, ndilo linalopasuka na abiria ndani. Pima asubuhi kabla gari halijatoka, fuata namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mchana uliache kama lilivyo.